Siku Niliyogeuzwa Shemeji Wodini

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, kalamu naishika kama mpini wa jembe, na naandika taratibu mpaka mdogo wangu anauliza kama nimesinzia. Mkikuta herufi imekosewa, isomeni tu nilivyokusudia. Aibu yenyewe Bariadi nzima wanaijua, hadi leo nikipita stendi kuna wanaoniita "shemeji", kwa hiyo nimeamua nisimulie mwenyewe, maana wanaosimulia wengine wanaongeza chumvi halafu wanasahau kusema kwamba mguu uliovunjika ulikuwa wangu.

Nilikuwa nimetoka kwetu Sapiwi kuja mjini kununua bomba la kupulizia pamba, na wakati wa kurudi nikampigia simu Masanja, kijana wa bodaboda wa pale Somanda, tukapatana nauli, nikapanda, bomba nimelipakata mapajani. (Mimi ni mtu wa aibu. Dereva akikimbia sana huwa sisemi "punguza", huwa nafumba macho.) Masanja alikuwa amefunga simu yake kwenye usukani, na tulipouacha mji nyuma kidogo ikaita, mteja mwingine anamtaka, akainama kuibonyeza, na alipoinua kichwa kulikuwa na ng'ombe wanavuka barabara polepole kana kwamba wameilima wenyewe. Akakata kona. Ng'ombe wakapona wote. Sisi tukaenda mtaroni, pikipiki juu yangu, eksozi inanichoma shavu la mguu, na chini ya goti nikasikia mfupa umesema ka!

Watu wakaja wanakimbia, na trafiki naye hakuwa mbali. Masanja, mkono mmoja unaning'inia, akaniinamia sikioni.

"Kaka, nisaidie. Pikipiki ni ya tajiri, kanikataza kutoka nje ya mji na abiria. Akijua ananinyang'anya leo leo. Nitasema wewe ni shemeji yangu, nimemuoa dada yako, nilikuwa nakupeleka nyumbani. We itikia tu."

Nikaitikia. Mtu amelala mtaroni na mfupa umekatika, anaombwa kwa sauti ya upole namna ile, atafanyaje? Trafiki akauliza, Masanja akajibu, mimi nikatikisa kichwa, ikaandikwa kwamba niliyeumia ni ndugu wa dereva, nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, na kwa kuwa tulikuwa ndugu, hospitali wakatulaza vitanda jirani.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa akaingia mama mmoja na chupa ya uji, mke wa Masanja, anaitwa Kabula, mimi simjui wala yeye hanijui. Muuguzi, kwa wema wake tu, akamwambia, "Mmiminie na shemeji yenu huyo, hajala tangu asubuhi."

"Shemeji yetu nani?"

"Si huyu hapa, kaka wa mke wa Masanja."

"Mke wa Masanja ni mimi," Kabula akasema, akaiweka chupa chini. "Na kaka zangu nawajua wote."

Wodi nzima ikageuza shingo, hata waliokuwa wanaugulia wakaahirisha. Masanja angeweza kumnong'oneza mkewe ukweli yakaisha, lakini nyuma ya Kabula alikuwa ameshaingia tajiri mwenye pikipiki, kofia mkononi, uso wa huruma.

"Pole Masanja. Pole na wewe shemeji. Afadhali hakuwa abiria. Ingekuwa abiria saa hizi tunasumbuana na watu wa bima."

"Kumbe hata wewe mzee unamjua mke mwenzangu!" Kabula akamgeukia.

Mimi nikafumba macho, kama nilivyozoea. Nilipoyafumbua, baba yangu mdogo, mzee Luhende, alikuwa mlangoni na fimbo yake ya kuchungia, ametoka Sapiwi kunitazama. "Mwadila!" akasalimia, na kabla hatujamwitikia, mgonjwa mmoja wa kitanda cha mlangoni (Mungu anamwona) akampa mkono. "Hongera mzee, mkwe wako ndiye yule aliyefungwa mkono."

"Mkwe? Nani kaolewa?"

"Si binti yenu."

Binti yetu wa mjini ni mmoja, dada yangu Minza, fundi cherehani. Baba mdogo akaenda mpaka kwenye kitanda cha Masanja, ambaye alikuwa ameshajifunika shuka mpaka kichwani, akaifunua kwa ncha ya fimbo.

"Kijana, toka humo. Ng'ombe za mahari ziko wapi?"

"Mzee, usisahau kudai na dume!" akapaza sauti mmoja wa dirishani.

"Mwacheni apone kwanza, na mkono ule atawaswagaje?" akajibu mwingine.

"Unachukua binti kimya kimya kama mwizi," baba mdogo akaendelea, "halafu na kaka yake unamvunja?"

Masanja alimwangalia mkewe, akamwangalia tajiri, akaniangalia mimi. Akikubali, Kabula anamuua. Akikataa, pikipiki imekwenda. Hapo tajiri akajiingiza na sauti ya mwenyekiti wa kikao. "Wazee, haya ni ya kifamilia. Mimi nitatoa mbuzi wa pole, kijana akapumzike nyumbani, na mambo ya polisi yaishie hapa."

Baba mdogo akakuna kidevu. "Mbuzi wa mguu, sawa. Ng'ombe za Minza ziko palepale."

Ndugu zangu, asubuhi ile daktari alikuwa ameniambia mfupa umekaa vibaya, huenda ukahitaji chuma, na msimu huu nisahau kushika plau. Na mimi ninaishi kwa kulima. Nikaona mguu wangu unamalizwa na mbuzi nikiwa nimelala pale pale kama mzigo, kwa sababu ya kuona haya tu. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Mimi sio shemeji wa mtu! Mimi ni abiria! Nilipatana nauli, Masanja alikuwa anabonyeza simu, mbuzi wako sitaki, nataka bima ya hiyo pikipiki inilipe mguu wangu!"

Ingekuwa hotuba nzuri kama nisingejaribu kuisema nimesimama. Nilinyanyuka kwa mguu mmoja, shuka ikabaki kitandani, na suruali walishaikata kwa mkasi siku ya kwanza. Wakati huohuo Minza akaingia na bakuli la ugali na mlenda, na wodi nzima ikamweleza kwa pamoja, akajua kwa mkupuo mmoja kwamba ameolewa, ana mke mwenza, na ameachika. Aliniangalia, akageuza uso, akasema, "Mfunikeni kwanza huyo."

Walicheka, jamani. Kabula peke yake hakucheka. Alimimina uji akaniletea. "Kunywa, abiria."

Nilipotoka nilikwenda polisi na magongo kubadilisha maelezo. Trafiki akafoka kwamba tulimdanganya, nikamwambia ndiyo, andika sasa ukweli. Wakala wa bima akasema karatasi ya kwanza inanitaja ndugu, na mambo ya ndugu yanamalizwa nyumbani, nikamjibu nyumbani walishayamaliza kwa mbuzi na nimekataa, nikakaa kwenye benchi lake mpaka akapokea madai. Masanja alinyang'anywa pikipiki, na hilo linaniuma, lakini alikuja mwenyewe akaandika kwamba nilikuwa abiria wake. Baba mdogo bado ananuna, anasema mtoto gani anamkatalia mtu mzima mbuzi mbele za watu. Pale kijijini wananiita mtu wa madai. Sawa. Chuma kiko mguuni mwangu, hakiko kwenye midomo yao.

Bima hawajalipa bado. Kila wakiniambia njoo wiki ijayo, naenda wiki ijayo. Na naapa, sitakuwa tena ndugu wa mtu yeyote kwa kuokotwa mtaroni, hata aniombe analia. Nikipanda kwa nauli mimi ni abiria, nikianguka mimi ni abiria, na nitalisema hilo hata nikiwa sina suruali.

Naomba mniandikie. Wa kunicheka waandike tu, nimeshazoea. Ila kama yupo aliyewahi kudai bima akalipwa, huyo aandike kwanza, anieleze aligonga mlango gani.