Kabati la Ubunifu

Mwalimu wa ubunifu alifuta vidole kwa leso kila aandikapo, na sauti yake ilikuwa ya kuhesabia magunia. "Bunini, wanangu!" alihimiza, huku akichora ubaoni kitu ambacho wote watabuni. Kazi isiyofanana na mchoro aliifungia kabatini, isije ikaambukiza wengine. Siku ya mkaguzi, ufunguo wa kabati lililofungwa ulimponyoka, ukapenya kwenye ufa wa mlango wake na kuangukia ndani, yalikokuwa pia maonyesho yote ya mkaguzi. Mkaguzi alikuwa tayari anabisha hodi.

"Nani ataniopolea?" mwalimu aliwauliza wanafunzi.

"Nilitengeneza ndoano ya waya, mwalimu," binti mmoja akasema.

"Iko wapi, mama?"

"Kabatini. Ulisema haifanani."

Mwalimu akaichora ndoano ubaoni. "Haya, wote! Bunini hii."