Ng'ombe Alihama ili Nilale

Siku ng'ombe wangu alipotolewa zizini tulikuwa sita uani: mimi, mdogo wangu wa kiume aliye fundi pikipiki kule Himo, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa likizo kutoka chuoni, baba mdogo aliye ndugu wa marehemu baba, mkewe tunayemwita mama mdogo, na balozi wa nyumba kumi. Balozi nilimwita mwenyewe. Nilitaka shahidi asiye wa ukoo.

"Mwanangu, balozi wa nini?" mama mdogo akauliza, kamba mkononi. "Kwani naiba?"

"Huibi, mama. Kapita kusalimia."

Balozi akakohoa, akasema kama nilivyomwomba: ng'ombe anakwenda kutunzwa, maziwa na samadi ni vya mtunzaji, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Akauliza kama tumesikia. Tukaitikia wote, baba mdogo akiwa wa mwisho.

Kwetu mlimani si ajabu ng'ombe kutunziwa kwenye zizi la mwingine. Lakini neno hilo "kutunza" nililijua vizuri. Wazazi wetu walipofariki, mmoja baada ya mwingine, niliacha shule nikiwa darasa la sita ili niwalee wadogo zangu. Baba mdogo akachukua mashine yetu ya kumenya kahawa, aitunze mpaka tukue. Tumekua. Mdogo wangu wa kiume ana ndevu. Mashine haijarudi.

Miaka yote hiyo nilikuwa nashuka tambarare kukata majani na kuyapandisha kichwani. Kiuno kikaanza kuuma, kikaendelea. Maumivu ningeyavumilia, kilichonishinda ni kukosa usingizi. Nikishaosha vyombo najitupa kitandani ili mgongo upumzike, kisha nalala macho nikimsikiliza ng'ombe akicheua mpaka jogoo awike. Mchana najilaza tena. Nikawa mtu wa kusinzia huku nakamua, mpaka siku moja nikateleza na mzigo pembeni ya mfereji. Mdogo wangu aliponiokota alisema, "Dada, ukivunjika wewe, sisi tunabaki na nani?"

Ndipo mama mdogo akasema anamjua mtaalamu wa viungo hospitalini, mjini Moshi. Tulipofika, wakasalimiana Kikibosho, lahaja ya upande mwingine wa mlima, kwa kuwa wote wawili wamezaliwa huko. Mimi ni wa Marangu. Nilielewa nusu ya maneno yao, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Yule mtaalamu alinipima, akaniinamisha huku na huku, akasema haoni dalili ya kitu kilichovunjika. Kisha akaacha mgongo, akaanza kuuliza habari za kitanda.

"Unapanda kitandani saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Usingizi unakuja saa ngapi?"

"Ningeijua saa yake ningekuja hapa?"

Akacheka. "Basi kuanzia leo usipande kabla ya saa tano."

"Nakuambia silali, na wewe unaninyima kitanda?"

Akaeleza kwamba mwili wangu umekizoea kitanda kama mahali pa kukesha na kuugulia, kwa hiyo tuufundishe upya. Niamke saa kumi na moja na nusu kila siku, hata kama sikulala vizuri. Nisijilaze mchana. Usingizi ukikataa, niinuke nikakae jikoni, nirudi macho yakiwa mazito. Na nitembee kila siku, maana kuumwa kidogo nikitembea si kuvunjika.

Nilikuwa nimetegemea sindano.

"Na majani je?" mama mdogo akauliza kabla yangu.

"Mizigo mizito aiache kwanza. Baadaye ataanza na midogo."

"Basi ng'ombe nitamtunza mimi."

Nikajua nimeuzwa. Mmoja ananikataza kubeba majani, mwingine tayari ana kamba.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Kanisani nilisinzia juu ya bega la jirani, na mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, hapa napo mtaalamu karuhusu?" Niliwaza kwamba wananichosha makusudi, nisipate nguvu ya kumfuatilia ng'ombe. Basi nikamfuatilia. Nilikuwa nimeambiwa nitembee; njia nikachagua mwenyewe. Kila alasiri nilipita migombani, nikavuka mfereji, nikapanda hadi zizini kwa mama mdogo.

"Askari wangu huyo," alikuwa akisema. "Leo unakagua mbavu au mkia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkia ule pale, haujapungua."

Siku moja, nyuma ya ghala, niliiona mashine yetu chini ya gunia, imeota kutu. Akaniona nikiiona.

"Hiyo kamuulize baba yako mdogo," akasema. "Mimi nakata majani tu."

Usingizi ulirudi bila hodi. Asubuhi moja niligundua kwamba jogoo ndiye aliyeniamsha, badala ya mimi kumngoja. Sikumwambia mtu, hata usingizi nao sikuuamini. Mtaalamu akaniongezea muda wa kitandani kidogo kidogo, na nikaanza kubeba mizigo midogo, ya kiasi cha mtoto. Mgongo haujapona. Nikilima sana unauma, na baridi ikishuka unauma, lakini hauniamulii tena siku yangu.

Ng'ombe alirudi mnene, na ndama dume pembeni. Muda wote huo, hata kwenye mvua, mama mdogo alikuwa akishuka mwenyewe kukata majani. Nikamwita balozi tena, nikamwomba mama mdogo aseme mbele ya watu ninachodaiwa.

"Maziwa nimekunywa," akasema. "Samadi iko migombani kwangu."

"Na majani uliyobeba?"

Akafikiri. "Siku magoti yangu yakigoma, utanikatia."

"Mizigo mingapi? Mpaka lini?"

"Nitajuaje? Yatasema magoti."

"Mama, sema kipimo. Mashahidi wapo."

"Umewaita wewe," akasema, akampa mdogo wangu kamba. "Mimi sikumwita mtu."

Balozi akacheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Deni lisilo na kipimo linaweza kukua kuliko ng'ombe, na sijui bado kama alinihurumia au alinifunga. Sijamkatia hata mzigo mmoja. Magoti yake bado mazima, na kila Jumapili namtazama anavyopanda ngazi za kanisa.