Kioo cha Siku ya Kuhama

Nilipokuwa mtoto wa kuvaa viatu vya kurithi, mama yangu alikuwa na maneno mawili ya kuponya kila kitu: "Mbele tu." Ukianguka, mbele tu. Samaki wake wa omena wakikosa wanunuzi, mbele tu. Nilikuwa nikimwigiza nyuma ya mgongo wake, naye akinisikia ananirushia kitambaa huku akicheka.

Kisha dadangu mdogo, Atieno, alishikwa na homa pale mtaani kwetu Kisumu Ndogo, wala hakupona. Kicheko kiliisha nyumbani kwetu.

Baada ya mazishi mama aliamua tuhamie Gatina, kule Kawangware. Asubuhi ya kuhama, jirani yetu Mama Nafula, mjuzi wa miiko yote, alikuja kutuaga.

"Mkitoka msigeuke," alituonya. "Nyumba imetoa maiti ya mtoto, ukiigeukia, kifo kinawafuata mpaka huko mnaenda. Na umebaki na huyu mmoja tu."

Mama alinitazama kwa muda mrefu. "Hatugeuki," akasema. "Mbele tu."

Kijana wa mkokoteni alipakia kitanda, sufuria na ndoo. Alipofikia kioo cha mama cha kujitazamia, mama akamzuia.

"Mathe, weka tu hapa juu ya godoro, haiwezi vunjika," kijana akasema.

"Wacha. Hiyo nitabeba mwenyewe."

Nilitembea kando yake, nyuma kidogo, shingo ikiniuma kwa kujizuia. Mlango wetu wa bluu ulikuwa bado na michoro ya chaki ya Atieno. Mama alikuwa amekiinua kioo mbele ya uso wake, nami nikakasirika: siku kama hii anajitazama? Kisha akakiinamisha, na ndani yake nikauona mlango wetu, ukizidi kuwa mdogo. Mama alikuwa analia bila sauti. Hakugeuza shingo hata kidogo. Tulipokata kona, akakikumbatia kioo kifuani.

Kule Gatina, mama alikitundika kioo kikiangalia ukuta. Akawa anajichana nywele kwa kupapasa, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Nadhani aliogopa kuiondoa picha ya mwisho iliyoingia humo. Biashara ilikua, kibanda kikawa duka, na juu yake jina kubwa: MBELE TU. Wanawake wa kanisani walipomuuliza siri ya mafanikio, aliwapa maneno hayohayo.

Mwaka huu tumemzika. Kila aliyesimama kumsifu aliyarudia maneno yake, watu wakapiga makofi. Mimi sikuweza. Siamini tena kwamba kifo hufuata macho ya mtu, lakini mama aliamini, na kwa sababu yangu alijinyima kumuaga mwanawe kwa kutazama nyuma. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni nilikigeuza kile kioo. Kwa ujinga wangu nilitarajia kuuona mlango wa bluu. Nilijiona mimi, yule mmoja aliyebaki.