Barua Isiyouliza Habari za Watoto

Miaka ya mwanzoni mwa elfu mbili nilikuwa mpishi wa safari. Tulipiga kambi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na huko nikapata rafiki, mgeni mmoja mzee aliyewahi kuwa nesi kwao. Aliikimbia baridi ya hema la kulia chakula akaja jikoni kumenya viazi nasi. Siku ya pili alishika mpini wa sufuria bila kitambaa, akaungua kiganja. Nilimpaka asali, akacheka huku machozi yanamtoka.

Aliporudi kwao tukawa tunaandikiana barua pepe. Kila niliposhuka Karatu nilipitia duka la intaneti karibu na stendi, nikasubiri ukurasa ufunguke taratibu, nikasoma maswali yake: watoto wanaendeleaje, mvua imenyesha kijijini kwetu Qurus, mume wangu mgongo umepona?

Siku moja ikaja barua kutoka anwani yake ileile. Ilisema kuna mfuko wa uwekezaji, fedha inarudi mara kumi kwa mwezi mmoja. Ameniwekea nafasi. Nitangulize ada ya kujiunga, na nisimwambie mtu.

Nilitoka pale miguu haitulii. Niliuliza bei ya mabati duka la kwanza, nikaenda kuuliza la pili, na sikuwa na hata shilingi ya kununulia. Nyumbani nilianza kufua nikaacha, nikaanza kuchambua maharage nikaacha. Mume wangu, mkulima wa Kiiraqw asiye na maneno mengi, aliniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Siku ya mnada nilimswaga mtamba wangu, niliyemnunua kwa bahshishi za wageni, nikamuuza. Nilimwambia mume wangu kwamba ni kwa ajili ya ada ya shule.

"Ada si tulishalipa?" akaniuliza.

Nikakaa chini nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniomba nimsomee barua niliyokuwa nimeichapisha, nikaitafsiri mstari kwa mstari.

"Huyu hajauliza watoto," akasema.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mtu mwenye habari njema husahau salamu. Akasema sawa, basi nimuulize siku ile jikoni aliungua wapi. Akijibu, fedha niitume, yeye hatasema neno.

Kesho yake niliandika swali hilo moja tu. Jibu lilikuja nikiwa bado kwenye kiti: hakuna muda wa mambo ya zamani, nafasi inafungwa Ijumaa, tuma leo. Nililisoma mara tatu nikijaribu kulitetea. Labda ana haraka. Labda amezeeka. Lakini kiganja kile nilikishika mimi mwenyewe, na mtu hasahau kuungua. Nilifunga ukurasa nikaenda nyumbani kwa miguu, maana sikuweza kusimama mahali pamoja kusubiri gari.

Baada ya miezi miwili nilipata barua ya karatasi, kwa mwandiko wa rafiki yangu. Mtu alikuwa ameiba anwani yake na kuwaandikia marafiki wote. Aliona aibu, akaomba nimsamehe kwa kosa lisilo lake. Mtamba sikumpata tena. Aliyemnunua alitaka bei ambayo nisingeiweza.

Msimu uliofuata dereva wetu alinionyesha kwa siri barua ya bahati nasibu aliyoshinda bila kucheza. Nayo ilidai ada kwanza, na ilikuwa na Ijumaa yake. Nilimsimulia yangu yote, hata uongo niliomwambia mume wangu, nikamsihi awaulize jambo ambalo mwenye bahati nasibu ya kweli angelijua.

"Dada, wewe yako iliharibika," akasema, "sasa unataka na yangu."

Akatuma ile ada. Tuliendesha hadi kijiji cha Engaresero na wageni wanne, siku nne, bila yeye kunisemesha. Kila tuliposimama alipanda kilimani peke yake, simu mkononi, akitafuta mtandao.