Priseti ya Mama

Mama yangu alipoteza jicho akiwa amekaa mbele ya kompyuta yangu, na mimi ndiye niliyekuwa napandisha mwanga.

Usinihukumu bado. Soma kwanza.

Mimi ni mtu wa magemu. Siyo yale ya risasi, ni lile la maisha: unajenga nyumba, unaajiriwa, unaoa, watoto wanakulilia. Rangi zake zimepauka, kwa hiyo wajanja tunaweka priseti, yaani unapanga mwanga na rangi unavyotaka, unahifadhi. Ukibonyeza tu, kibanda kinang'aa. Kwa hilo sina mpinzani, nakwambia.

Mama ni fundi cherehani. Akimaliza kazi anakuja chumbani kwangu kuwavalisha wale watu wa kwenye gemu. Eti mimi nawavalisha kama nina kisasi nao.

Siku moja akasema nyumbani kwa wale watu wa gemu kuna giza. Nikaongeza mwanga. Baada ya muda, giza tena. Nikaona isiwe tabu, nikamtengenezea priseti yake mwenyewe. Akikaa naiwasha, akiondoka narudisha yangu, maana ile yake ilikuwa inaniumiza macho.

Akilalamika, napandisha. Na kwa marafiki nikatamba kwamba mama yangu ana priseti yake.

Ndipo akaja mama mdogo. Mama aliinuka kwenda jikoni, yeye akakaa kitini pale, akakikodolea macho kioo.

"Hao watu wako wapi? Mimi naona weupe mtupu."

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni ya dada yake, yeye anaona vizuri tu.

Mama mdogo hakucheka. "Dada anaona nini hapa?"

Kesho yake tukampeleka mama hospitali.

Daktari alisema ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda, la kulia watajaribu kulinda kilichobaki. Akauliza kama mgonjwa hakuwahi kulalamika kwamba anaona giza. Nikainama kama mwizi.

Tulipotoka nikamwomba mama msamaha. Akanishika mkono.

"Nilijua tangu niliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikaogopa. Kwenye kompyuta yako nilikuwa bado naona, ndiyo maana nikanyamaza."

Bora angenitukana, jamani.

Wewe unayesoma, mzazi wako akikwambia kuna giza, usikimbilie kumwongezea mwanga. Mpeleke akapimwe macho. Mimi nilimsaidia mama kujificha, na nilikuwa najiona mtoto mwema.