Posa Mbili za Meza ya Matangazo

Katika redio yetu ndogo, kipindi kinachosikilizwa kuliko vyote si muziki wala mpira. Ni matangazo ya vifo ya saa nne asubuhi. Hayazidi dakika kumi, lakini yakianza, madukani redio hupandishwa sauti na mazungumzo hukatika. Aliyefariki usiku huzikwa adhuhuri, na jamaa aliyeko Nungwi au Makunduchi hana muda wa kuulizauliza. Anasikia, anavaa kanzu, anatoka.

Anayeyapokea matangazo hayo ni Bi mmoja aliyekuwa kwenye meza ile kabla mimi sijaajiriwa. Simu ikilia husema, "Naam," kisha huuliza kwa mpango uleule: marehemu nani, mtoto wa nani, mkazi wa wapi, anasaliwa msikiti gani, maziko saa ngapi. Alikuwa akiandika moja kwa moja kwenye kompyuta na kuchapisha, msomaji akaja kuchukua karatasi. Kazi yangu mimi ni mashine: hiyo ya kwake, na seva inayohifadhi vipindi vyote. Seva iko stoo, chumba chenye kuta nene za mawe ambamo wenye nyumba wa zamani waliweka mchele.

Siku moja, saa nne kasoro dakika kumi, kompyuta ya Bi iliamua kujisasisha. Kioo kikawa cha buluu, na asilimia zikapanda moja moja kama mgeni mnene kwenye ngazi zetu. Ndani mlikuwa na matangazo matatu ambayo hayajachapishwa. Yalisomwa saa tano na nusu.

Alasiri ile akaja mtu kutoka Nungwi, kanzu ina vumbi. Alifika makaburi ya Mwanakwerekwe watu wanatawanyika, mjomba wake ameshazikwa. Hakugomba. Alisimama mbele ya meza akauliza:

"Mlisoma saa ngapi?"

"Saa tano na nusu," Bi akajibu.

"Haya."

Akashuka ngazi. Ingekuwa nafuu kama angetutukana.

Kesho yake Bi alikuja na daftari jipya la jalada jekundu. Kila tangazo akaliandika mara mbili, kwanza kwa kalamu, kisha kwenye kompyuta. "Mtu asikose kuzika kwa sababu yangu tena," alisema. "Siku mtakayoniona nimeliweka kando daftari hili, jueni mmeniletea mashine ya kuaminika."

Nikapendekeza tuhamie Linux.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mfumo wa kompyuta, Bi mkubwa, kama huo uliomo. Ila huu haumilikiwi na mmoja. Kila kundi linautengeneza kwa mkono wake, kwa hiyo yako matoleo mengi na itabidi tuchague."

"Kama urojo," akasema. "Ukwaju uleule, bajia zilezile, na kila muuzaji ana wake."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi, na nimesoma mengi.

Ugomvi ukaanzia kwenye kuchagua. Fundi wetu wa mitambo, mwenzangu wa rika moja, hupenda vitu vikiwa bado vina nailoni ya dukani. Alitaka toleo jipya kuliko yote, linalobadilika kila baada ya miezi michache. Mimi nilitaka toleo moja kwa mashine zote mbili, ili nijifunze moja tu na kulala salama. Tulibishana hadi Bi akavua miwani.

"Nyie mnapokea posa au mnanunua samaki? Samaki hutazamwa macho na matamvua. Mume huulizwa kwa majirani."

Akanipa maswali, nami nikayaandika: Kwao wapi? Nani anamlea? Akiumwa, nani wa hapa Unguja anaweza kumuuguza? Na anabadilika tabia kila mara, au ukimwacha asubuhi unamkuta vilevile jioni? Nimewahi kusoma kurasa nyingi za wataalamu wanaolinganisha matoleo ya Linux. Hakuna aliyeuliza vizuri hivyo.

Nikaenda kupeleleza. Kama ilivyo desturi kwenye posa, sikuwauliza wanaosifu. Niliwauliza wanaoishi nao. Wa kwanza alikuwa kijana wa picha za harusi, mwenye toleo lile la fundi. "Lina sura nzuri, wallahi," alisema, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Kwetu hakuna anayemsema vibaya mposaji. Ukisikia anasifiwa mavazi tu, unashukuru kwa chai na kuondoka.

Wa pili alikuwa mhasibu wa hoteli kule Nungwi. Nilimuuliza seva yao inaendeleaje.

"Seva?" Akafikiri. "Ala! Nshaisahau. Hata chumba ilipo lazima nimuulize mtu."

Nikaandika jina la toleo lake na kulipigia mstari. Bi alipolisikia akalipa lakabu, Mtulivu.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa darasa la kompyuta Mwanakwerekwe. Toleo lake lilikuwa jingine, la kawaida, menyu chini kushoto kama watu walivyozoea. "Wiki ya kwanza waliniita kila dakika," alisema. "Wiki ya pili wakaacha kuniita. Mwenyewe nikaona kama sina kazi." Hilo Bi akaliita Mchangamfu.

Hapo ningefuata ushahidi wangu mwenyewe, mambo yangekwisha. Lakini tamaa ya utaratibu mmoja ilinishinda nguvu. Ijumaa alasiri nilimweka Mtulivu kwenye seva, na kwa kuwa nilitaka mmoja tu, nikamweka na kwenye meza ya Bi. Nilikagua kila kitu isipokuwa kuchapisha. Niliona taa ya printa ni ya kijani, nikaridhika.

Kesho yake, saa nne kasoro dakika kumi, Bi alibonyeza. Printa ikakaa kimya. Printa yetu ni ya mwaka jana, na Mtulivu hajifunzi vitu vipya upesi. Ndiyo maana hakosei, na ndiyo maana hakuitambua. Nikaanza kuchomoa na kuchomeka waya. Msomaji alikuwa mlangoni, mkono umenyooshwa. Bi hakuniangalia. Alifungua daftari jekundu, akampa.

Matangazo yalisomwa kwa wakati, na msomaji alikwama mara moja tu, kwenye mwandiko.

"Mwanangu," Bi akaniambia baadaye, "huyu wa stoo umeniletea sebuleni. Si mtu mbaya. Hajui wageni tu. Mwache akae na mchele."

Fundi akacheka mpaka akakaa. Seva inatakiwa isahaulike; kompyuta ya mezani inaguswa kutwa nzima na inakutana na kila kifaa kinachoingia mlangoni. Ni kazi mbili, na mimi nilitaka waume wawili wawe mtu mmoja kwa sababu ya uvivu wangu.

Safari hii nilimleta Mchangamfu kwenye flashi, ili Bi amjaribu kabla ya kumkubali. Aliandika tangazo la uongo la kuku wa jirani aliyefariki ghafla, maziko jikoni. Printa ikalitoa.

"Na mahari yake?" fundi akauliza.

"Mahari yake wewe usimguse," Bi akamjibu.

Nikamweka, nikampangia asijisasishe mpaka niseme mimi, na mimi niseme baada ya saa nane mchana tu. Daftari likabaki pale pale karibu na simu. Wiki zikapita, Bi akiendelea kuandika mara mbili.

Asubuhi moja, saa tatu na nusu, simu ikalia. Nilimwona Bi akikaa wima.

"Naam... Ndiyo, ndugu yangu, nnakukumbuka." Akavuta kibodi karibu. "Innalillahi. Shangazi yako? Pole sana. Maziko wapi?"

Alikuwa yule mtu wa Nungwi aliyekosa maziko ya mjomba wake. Safari hii msiba ulikuwa kwake, na jamaa wa kutafutwa walikuwa mjini. Bi aliandika huku simu ameibana begani, mikono yote miwili kwenye kibodi. Karatasi ikatoka. Saa nne kamili ikasomwa, ya kwanza.

Nilipita mezani mchana kuchukua kalamu. Daftari lilikuwa wazi. Ukurasa wa siku ile haukuwa na marehemu hata mmoja. Ulikuwa na vitunguu, nazi nne, ndimu, na chini yake, kwa mwandiko uleule uliomkwamisha msomaji: *sokoni Mwanakwerekwe, kabla ya alasiri*.