Mkate wa Idi Niliouoka Kawangware

Mama alinipigia simu Ramadhani ikiwa inaelekea mwisho. Hata salamu hakuzimaliza.

"Baba yako amesema uje chai ya Idi," akasema. "Uje na mkate wa kumimina. Uupike wewe mwenyewe."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

Akashusha sauti. "Mwanangu, nisikudanganye. Watu wamemwambia siku hizi hufungi. Ati huko Kawangware unakula mchana kama mumeo. Na ameamini."

"Nani amemwambia?"

"Yeye anasema lisemwalo lipo."

Wallahi nilitaka kuitupa hiyo simu mtaroni. Mimi nimezaliwa Lindi, ndani ya Kibera, nyumba ya Wanubi, na tangu niolewe na Mkristo mwendesha boda, baba hajaketi nami mkeka mmoja. Hilo nilishalimeza. Lakini kuambiwa nimeacha saumu! Ningekuwa nimeacha ningesema, mimi si mtu wa kujificha. Nilikuwa nimefunga mwezi wote katika kachumba kamoja, nikila daku peke yangu, jirani akikaanga samaki mlangoni pangu mchana kweupe. Shahidi wangu alikuwa Mungu, na baada ya Mungu ni mume wangu, ambaye ushahidi wake kwetu haukuwa na mnunuzi. Sasa mtu unathibitishaje kwamba hukula?

Nikajiambia, basi, mkate utanisemea. Ukiwa mzuri, baba ataona bado mimi ni mtoto wa nyumba ile. Ukiharibika, atasema ndiyo hayo, kila kitu cha kwetu amekitupa.

Mkate wa kumimina haukubali kukimbizwa. Mchele unalala ndani ya maji hadi asubuhi, ndipo unasagwa na tui la nazi, iliki na hamira, unaachwa uumuke, kisha unaumimina kwenye sufuria. Watu wakitoka kuswali Idi wanataka chai, hawataki hadithi, kwa hiyo lazima uwe tayari umeshaoka. Siku ile ya ishirini na tisa mwezi ungeweza kuandama jioni, nami sikutaka unikute sina kitu. Baada ya adhuhuri nikawasha jiko. Oveni sina, kwa plot yetu nani ana oveni? Unaweka makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, na wewe unakaa hapo hapo ukiyachunga.

Nilikaa na hofu moja tu, usiungue. Koo lilikuwa kavu, kichwa kikigonga. Jirani akalalamika moshi unaingia kwa nguo zake, nikamjibu vibaya. Mwishowe ukaiva, ukapanda vizuri, juu rangi ya kahawia. Nikaupindua kwenye sinia na nikacheka peke yangu.

Adhana ya magharibi ikalia. Nikafungua kwa tende na maji, nikachukua kijiko nikakwangua yale makoko yaliyobaki kwenye sufuria. Nikatafuna. Nikakwangua tena.

Hakuna sukari! Nilikuwa nimeweka kile kijiko cha kuamshia hamira tu. Sukari yenyewe, ile ya mkate, ilikuwa bado kwenye karatasi yake juu ya kabati, inanitazama. Ya Rabi, nilikaa chini sakafuni.

Mume wangu akaingia na kofia yake ya pikipiki mkononi. Nikampa makoko. Akatafuna polepole, maskini, akitafuta la kusema.

"Mami, hii si mbaya. Si watu wataweka sukari mingi kwa chai?"

"Usinichekeshe."

"Basi tununue keki kesho asubuhi."

"Nikienda na ya kununua, atasema hata kupika nimesahau!"

Tukiwa kwenye hayo mabishano, simu ikaita. Mwezi umeonekana. Mchele mwingine wa kuloweka ungekuwa tayari wakati watu wameshamaliza chai na kwenda zao. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilifunika sinia na kitambaa, na sikupata usingizi wa maana.

Asubuhi alinipeleka Kibera kwa pikipiki, sinia mapajani pangu, kila tuta likinipasua moyo. Tulipofika geti la mabati akazima injini lakini hakushuka. Hakuwa amealikwa, na alilijua hilo bila kuambiwa.

"Enda tu," akasema. "Niko hapa."

Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa, chai ya maziwa kwenye birika, baba amevaa kanzu yake nyeupe. Nikampa mkono wa Idi. Akaupokea, akauachia haraka. Mama akakata mkate, naye mwenyewe akaonja kipembe, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Ngoja nilete asali," akasema, tayari ameinuka.

Baba akainua kiganja. Mama akakaa. Mzee akamega, akasema bismillahi, akatafuna. Nilisikia meno yake. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na sinia.

"Umeoka lini?"

"Jana, baba. Baada ya adhuhuri."

"Hukuonja?"

Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku hiyo nitakuwa mpole. Lakini hasira ya mwezi mzima ilinipanda.

"Ningeonjaje, baba, na nilikuwa na saumu? Mtoto wa kunionjea sina! Hata ncha ya ulimi ulitukataza wewe mwenyewe! Mnakaa hapa mnaambiwa nakula mchana, na mimi huko..." Machozi yakanitoka mbele yake, jambo ambalo sikulitaka kabisa.

Baba aliutazama ule mkate. Kisha akamega kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, akala. Akala na cha tatu.

"Anayekula mchana," akamwambia mama, si mimi, "hawezi kusahau sukari."

Akapangusa vidole. "Huyo aliyekuleta yuko wapi?"

"Nje, baba. Kwa pikipiki."

"Kwani yeye hanywi chai?"

Mama alitoka mbio bila viatu. Mume wangu akaingia ameinama kama mlango ni mfupi, kofia kifuani, hajui aweke wapi miguu yake. Baba akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka, akachukua kipande cha mkate kwa mkono wake akamwekea kwenye sahani.

"Kula, kijana," akasema. "Hauna sukari, lakini kula. Mke wako alikuwa amefunga."